Ofisi Ikimnyima Askari wa Zamani Haki Yake, Nani Ataiuliza?

Ndugu msomaji, leo tutasafiri kwa kusoma. Tutakwenda Marekani. Tutazungumza juu ya watu waliopigana vita, wakarudi nyumbani na majeraha, kisha wakaenda ofisini kuomba malipo yao. Wengine walipewa. Wengine walijibiwa "hapana". Habari yetu ya leo ni ya hao waliojibiwa "hapana".

Swali letu ni moja tu. Ofisi ikisema "hapana", je, hilo ndilo neno la mwisho? Au yuko mtu mwingine wa kuiuliza, "Je, mmefuata sheria?"

Huko Marekani swali hili lilichukua karibu miaka mia mbili kupata jibu. Lilianza mwaka 1792. Lilijibiwa mwaka 1988. Hebu tulifuate hatua kwa hatua.

MALIPO YENYEWE NI YAPI?

Askari wa Marekani akiumia au akiugua kwa sababu ya utumishi wake, serikali humlipa fedha kila mwezi. Fedha hizo huitwa malipo ya ulemavu. Ulemavu hupimwa kwa asilimia. Aliyeumia kidogo huandikiwa asilimia 10, yaani sehemu kumi katika mia. Aliyeumia kabisa huandikiwa asilimia 100. Asilimia ikipanda, malipo nayo hupanda.

Yako na mafao mengine. Kuna matibabu. Kuna msaada wa masomo. Kuna malipo kwa mjane na watoto, kama askari alifariki kwa sababu ya utumishi wake.

Kazi hii hufanywa na Wizara ya Askari wa Zamani. Ilianza kama shirika la serikali mwaka 1930. Ikafanywa wizara kamili mwaka 1989.

Sasa basi, askari anayeomba malipo ya ulemavu inampasa aonyeshe mambo matatu. La kwanza, ana kilema au ugonjwa sasa. La pili, kuna jambo lililompata akiwa jeshini. La tatu, jambo lile la jeshini ndilo lililoleta ugonjwa huu wa leo.

Hilo la tatu ndilo gumu. Mguu uliokatwa na bomu kila mtu anauona. Lakini je, kansa inayotokea miaka 20 baada ya vita? Je, masikio yanayokufa polepole? Je, mtu anayeamka usiku akipiga kelele kwa ndoto za vita? Hapo ndipo ofisi na askari huvutana.

MWAKA 1792: MAJAJI WAKATAA

Wamarekani walipigana na Uingereza ili wapate uhuru wao. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1783. Vikaacha vilema wengi.

Mwaka 1792 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwasaidia vilema hao. Sheria ilisema hivi: kilema aende kwa majaji. Majaji wamwangalie, wapime kilema chake, kisha wapeleke jina lake kwa Waziri wa Vita. Lakini Waziri naye alipewa uwezo wa kulizuia jina hilo akiona kuna udanganyifu au kosa.

Majaji wengi walikataa. Walisema kazi hii si ya mahakama. Jaji akishatoa hukumu, waziri hawezi kuipitia na kuitengua. Kama waziri anaweza kuitengua, basi ile si hukumu. Ni kazi ya karani tu.

Shauri hilo linajulikana mpaka leo kama kesi ya Hayburn. Kabla Mahakama ya Juu haijatoa uamuzi, Bunge likaibadili sheria mwaka 1793.

Tuone hapa jambo moja. Majaji walilinda heshima ya mahakama, na hilo ni jema. Lakini askari kilema hakujua mambo hayo. Yeye alitaka kujua tu nani atamsikiliza. Miaka ilivyoendelea, mambo yake yalibaki mikononi mwa ofisi.

DOLA KUMI ZA WAKILI

Kati ya mwaka 1861 na 1865 Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe. Baada ya vita hivyo waliohitaji malipo walikuwa wengi sana. Walaji nao wakatokea. Walikuwa mawakala waliowaambia askari na wajane, "Nipe fedha, nitakufuatilia malipo yako." Wengine walikula fedha za watu bure.

Bunge likaweka dawa. Mwaka 1864 sheria ilisema wakili asilipwe zaidi ya dola 10 kwa kumshughulikia askari mmoja.

Nia ilikuwa nzuri. Wakati ule dola 10 zilikuwa fedha. Lakini miaka ikapita, vitu vikapanda bei, dola 10 zikabaki dola 10. Zilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka 120! Nani atasoma faili la kurasa 500 na kuandika barua mwaka mzima kwa dola 10? Mawakili wakakaa mbali.

Ni kama mtu aliyejenga ua kuzuia fisi wasile mbuzi wake. Ua ukawa mrefu mno, mwenyewe naye akashindwa kuingia kuwalisha.

Mwaka 1985 jambo hili lilifika Mahakama ya Juu. Walalamikaji walikuwa watu walioathiriwa na mionzi ya mabomu ya nyuklia, wakiwamo askari. Walisema mashauri yao ni magumu, yanahitaji wakili, na zile dola 10 zinawanyima haki. Mahakama ya Juu ilikataa. Ilisema Bunge lilitaka maombi haya yawe mepesi, yasiyohitaji wakili, na Bunge lina uwezo huo.

MWAKA 1933: MLANGO WAFUNGWA

Mwaka 1933 Marekani ilikuwa na shida kubwa ya uchumi. Watu walikosa kazi. Mabenki yalifungwa. Serikali ikapunguza matumizi, na malipo ya askari wa zamani yakapunguzwa pia. Sheria ya mwaka huo ikasema maneno mazito: uamuzi wa ofisi juu ya malipo ya askari ni wa mwisho. Mahakama yo yote isiuguse.

Mwaka huo huo ikaundwa Bodi ya Rufani ya Askari wa Zamani. Kukata rufani ni kupeleka shauri lako mbele zaidi, kwa sababu hukuridhika na uamuzi wa kwanza. Basi askari aliyenyimwa aliweza kwenda kwenye Bodi. Lakini Bodi ilikuwa ndani ya ofisi ile ile. Wahenga walisema, kesi ya ngedere usimpe nyani.

Hatusemi kwamba wajumbe wa Bodi walikuwa watu wabaya. Askari wengi walipata haki yao pale. Tunasema hivi: Bodi ikikosea, hakukuwa na mtu wa nje wa kusema, "Mmekosea."

Mbona mlango ulifungwa muda mrefu hivyo? Waliotaka ubaki umefungwa walikuwa na sababu zao. Walisema mafao ni zawadi ya taifa kwa askari, si deni la kudaiwa mahakamani. Walisema mahakama zitajaa mashauri. Walisema tena kwamba mawakili watageuza msaada kuwa ugomvi. Hata baadhi ya vyama vikubwa vya askari wa zamani viliogopa. Viliona ofisi ni rafiki, na vikahofu urafiki huo utavunjika.

ASKARI WA VIETNAM WAGONGA MLANGO

Halafu vikaja vita vya Vietnam. Kuanzia mwaka 1962 mpaka 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza dawa juu ya misitu na mashamba ya Vietnam. Dawa ile ilikausha majani, ili adui asipate mahali pa kujificha wala chakula. Dawa moja iliitwa kwa jina la rangi ya chungwa, kwa sababu mapipa yake yalikuwa na mstari wa rangi hiyo. Ndani yake mlikuwa na sumu kali iitwayo dioksini.

Watu wa Vietnam waliumia sana. Askari wa Marekani waliokuwa kule nao wakaanza kuugua miaka ya baadaye. Wakaenda ofisini. Wengi wakajibiwa kwamba hakuna ushahidi kuwa dawa ile ndiyo iliyowaumiza. Wakasema, "Basi twende mahakamani." Wakaambiwa, "Mahakama haina ruhusa."

Fikiri mtu huyo. Mwizi wa kuku ana haki ya kusikilizwa na hakimu. Anayegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba ana haki ya kusikilizwa na hakimu. Lakini aliyetumwa vitani na nchi yake, akarudi mgonjwa, yeye hana.

Askari wakapiga kelele. Bunge la Marekani lina mabaraza mawili. Baraza moja lilikubali muswada wa kufungua mlango, tena si mara moja. Baraza la pili likawa linaukataa. Mvutano huo uliendelea karibu miaka kumi. Mwishowe wakapatana. Tarehe 18 Novemba, 1988, Rais Ronald Reagan akatia sahihi sheria mpya.

Sheria hiyo ilifanya mambo makubwa mawili. Kwanza, iliunda mahakama maalumu ya kusikiliza rufani za askari wa zamani. Pili, iliondoa kile kikomo cha dola 10. Mahakama ilianza kazi mwaka 1989. Tangu mwaka 1999 inaitwa Mahakama ya Rufani ya Madai ya Askari wa Zamani.

MAHAKAMA HII INAFANYAJE KAZI?

Mahakama hii iko mjini Washington. Majaji wake huteuliwa na Rais na kukubaliwa na Baraza la Seneti. Kila jaji huwekwa kwa miaka 15. Mahakama haiko chini ya Wizara. Waziri hawezi kumwagiza jaji wala kumfukuza. Hapo ndipo tofauti yake na Bodi.

Shika mambo haya manne.

1. Askari akishindwa kwenye Bodi anaweza kwenda mahakama hii. Lakini Wizara ikishindwa kwenye Bodi haiwezi kwenda. Mlango huu ni wa askari na jamaa zake tu.

2. Mahakama husoma faili lililokuwa mbele ya Bodi. Haipokei shahidi mpya. Haipokei karatasi mpya ya daktari. Kwa hiyo ushahidi wote lazima uingie kwenye faili mapema.

3. Askari ana siku 120 za kuleta barua yake ya rufani. Siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi wa Bodi ulipotumwa kwake, si tangu alipoufungua na kuusoma.

4. Ada ni dola 50. Asiyeweza kulipa huomba asamehewe.

Mahakama hutazama nini? Hutazama kama Bodi imefuata sheria. Hutazama kama Bodi imeeleza sababu za uamuzi wake. Bodi hairuhusiwi kusema tu, "Tumekataa." Lazima iseme ushahidi gani imeukubali, upi imeukataa, na kwa nini.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika. Mkulima analalamika kwamba pamba yake imepunjwa. Mkaguzi anakuja. Mkaguzi halimi shamba upya. Wala hapimi magunia yote upya. Anatazama mizani kama ni sawa. Anatazama daftari la karani kama limejazwa vizuri. Akiona mizani ni mbovu, anasema, "Pimeni tena." Mahakama hii ni kama mkaguzi huyo.

Baada ya kusoma, mahakama inaweza kukubaliana na Bodi. Inaweza kutengua uamuzi. Au inaweza kurudisha shauri kwa Bodi na kusema, "Fanyeni upya, safari hii mfuate sheria." Mashauri yanayorudishwa ni mengi sana. Mara nyingi mawakili wa pande mbili hukubaliana wenyewe kwamba Bodi ilikosea, kabla jaji hajatoa hukumu.

Askari asiporidhika na hukumu ya mahakama hii, iko mahakama ya rufani juu yake. Ana siku 60 za kwenda huko. Huko wanatazama maana ya sheria tu, hawarudii kupima ushahidi. Na juu kabisa iko Mahakama ya Juu ya Marekani.

MIZANI IKISIMAMA SAWA

Katika kesi ya kawaida ya madai, mdai lazima ashinde kwa ushahidi. Mizani ikisimama sawa, mdai ameshindwa.

Kwa askari wa zamani sheria ni tofauti. Ushahidi wa kumkubalia na wa kumkatalia ukikaribiana kuwa sawa, askari ndiye anayeshinda. Mashaka ni faida yake. Kanuni hii ilikuwapo zamani, lakini hakukuwa na mtu wa nje wa kuangalia kama ofisi inaifuata. Mwaka 1990 mahakama mpya iliieleza wazi katika kesi ya Gilbert. Ikasema Bodi haiwezi kuipuuza. Ikisema mizani haikusimama sawa, lazima ieleze sababu.

Lakini uwezo wa mahakama una mipaka. Mwezi wa Machi mwaka 2025 Mahakama ya Juu ilisema kwamba upimaji huo wa ushahidi ni kazi ya Bodi hasa. Mahakama ya askari isiuvunje ila pale kosa linapoonekana wazi. Kwa hiyo mkaguzi wetu ana kazi ya kukagua, lakini hakugeuzwa kuwa mpimaji.

ASKARI ALIYEFANYIWA OPERESHENI

Sasa tuone kesi mbili za watu waliopigana vita vya Korea.

Ya kwanza ni kesi ya Gardner. Huyu alifanyiwa operesheni ya mgongo katika hospitali ya serikali ya askari wa zamani. Baadaye mguu wake wa kushoto ukawa na maumivu na udhaifu. Alisema operesheni ile ndiyo iliyomletea matatizo. Akaomba malipo.

Ofisi ikakataa. Ilikuwa na kanuni yake tangu miaka ya 1930. Kanuni ilisema askari halipwi ila akionyesha kwamba madaktari walifanya uzembe, au ilitokea ajali. Lakini ukiisoma sheria yenyewe iliyotungwa na Bunge, maneno hayo hayamo. Sheria ilisema tu kwamba aliyeumizwa na matibabu hayo alipwe. Ofisi ilikuwa imeongeza sharti lake yenyewe.

Kwa karibu miaka 60 askari walikataliwa kwa kanuni hiyo. Kwa nini haikuvunjwa? Kwa sababu mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa. Mlango ulipofunguliwa, Gardner akaingia. Mahakama mpya ikamkubalia. Mahakama ya juu yake ikamkubalia. Mwaka 1994 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu nao wakamkubalia. Walisema sheria ikiwa na mashaka katika maana yake, mashaka hayo yamfae askari.

Je, habari iliishia hapo? La. Mwaka 1996 Bunge lilibadili sheria yenyewe. Likaweka lile sharti la kuonyesha kosa, kwa maombi ya baadaye. Tujifunze hapo. Mahakama hulinda sheria iliyopo. Haitungi sheria. Bunge likibadili sheria, mahakama nayo hufuata.

SIKU KUMI NA TANO

Kesi ya pili ni ya Henderson. Yeye alitolewa jeshini mwaka 1952 kwa sababu ya ugonjwa mzito wa akili. Ofisi ilimwandikia asilimia 100. Mwaka 2001 aliomba nyongeza, kwa sababu alihitaji mtu wa kumhudumia nyumbani. Ofisi ikakataa. Bodi ikakataa.

Akaandika barua ya rufani kwa mahakama. Lakini barua ilichelewa siku 15 baada ya zile siku 120.

Alieleza kwamba ugonjwa ndio uliomchelewesha. Mahakama ikasema, "Pole, lakini siku 120 ni siku 120. Zikipita hatuna tena uwezo wa kukusikiliza, hata kwa sababu gani." Mahakama ya juu yake ikasema vile vile.

Tazama ajabu hii. Mtu analipwa na serikali kwa sababu akili yake inaugua. Halafu serikali hiyo hiyo inamwambia kwamba kuugua si sababu ya kuchelewa.

Shauri likaenda Mahakama ya Juu. Mzee Henderson hakuliona likiisha. Alifariki mwaka 2010. Mke wake akasimama mahali pake akaendelea. Tarehe 1 Machi, 2011, majaji wanane walioisikiliza kesi hiyo walitoa neno moja. Walisema Bunge lilipounda mahakama hii lilitaka kuwafaa askari. Kwa hiyo siku 120 ni utaratibu muhimu, lakini si kufuli lisilo na ufunguo. Shauri likarudishwa chini.

Hiyo haina maana kwamba kila anayechelewa husamehewa. Kikomo bado kipo. Lakini tangu hapo askari mwenye sababu nzito anaweza kuieleza, na mahakama ikampima. Mjane yule alifungua njia kwa wengine.

NJIA ZA LEO

Mwaka 2017 Bunge lilibadili utaratibu wa rufani, na mabadiliko yakaanza kutumika mwezi wa Februari mwaka 2019. Leo askari akipata barua ya "hapana" kutoka ofisi ya wizara, ana mwaka mmoja wa kuchagua njia mojawapo kati ya tatu.

Njia ya kwanza ni kuleta ushahidi mpya. Hii humfaa aliyepata karatasi ya daktari au shahidi ambaye hakuwapo kwanza.

Njia ya pili ni kuomba ofisa mkubwa zaidi asome faili lile lile. Hii humfaa anayeona kwamba ushahidi ulitosha, ila aliyeusoma ndiye aliyekosea.

Njia ya tatu ni kwenda moja kwa moja kwenye Bodi.

Mwaka ukipita, bado anaweza kuleta ushahidi mpya. Lakini huenda akapoteza malipo ya nyuma, yaani fedha za miezi aliyokuwa akingoja.

Askari hahitaji kutembea peke yake. Vyama vya askari wa zamani huwasaidia wanachama kujaza fomu bila malipo. Tangu mwaka 1992 uko mpango wa mawakili wanaojitolea kuwatetea mahakamani bure. Tena askari akishinda mahakamani, mara nyingi serikali huamriwa kumlipa wakili wake.

TAABU ILIYOBAKI

Tusidhani kwamba mambo yote sasa ni mteremko. Taabu kubwa ni muda. Faili linatoka ofisini linakwenda kwa Bodi. Kutoka kwa Bodi linakwenda mahakamani. Mahakama inalirudisha kwa Bodi. Bodi inaomba daktari apime tena. Bodi inakataa tena. Askari anarudi tena mahakamani. Askari wenyewe wanaufananisha mzunguko huu na panya anayekimbia ndani ya gurudumu. Anakimbia sana, hafiki po pote.

Wengi wa askari hao ni wazee. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa mzee ngoja ngoja huweza kumaliza maisha. Sheria sasa inaruhusu mjane au mtoto kuchukua nafasi ya askari aliyekufa akingoja. Ni jambo jema, lakini marehemu hakufaidi cho chote.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, wewe huenda hujapigana vita yo yote. Lakini kila mtu siku moja hupata karatasi ya ofisi. Huenda ni pensheni. Huenda ni fidia ya shamba. Huenda ni mafao ya ndugu aliyefariki. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki pia Mahakama Kuu ina uwezo wa kupitia uamuzi wa ofisi ya serikali na kuuliza kama sheria imefuatwa. Nako pia ziko siku za mwisho za kwenda.

Basi tuchukue mafunzo haya.

Soma barua mpaka mwisho. Mara nyingi habari ya rufani iko chini kabisa.

Tazama tarehe ya barua na uanze kuhesabu siku kutoka hapo. Andika siku ya mwisho ukutani ikiwa lazima. Kumbuka siku 15 za Henderson.

Weka kila karatasi, pamoja na bahasha yake. Muhuri wa posta ni shahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Uliza sababu. Ofisi ikisema "hapana" bila kueleza kwa nini, bado haijamaliza kazi yake.

Peleka ushahidi wote mapema. Karatasi iliyobaki sandukuni haiwezi kukutetea.

Zamani mtu asiyejua kusoma alibeba barua yake kutoka nyumba hadi nyumba, akitafuta wa kumsomea. Siku zilipita, na huenda msomaji alificha jambo. Wewe leo unaisoma mwenyewe. Mjane yule wa Marekani alishinda kwa sababu hakukubali kwamba "hapana" ya kwanza ndiyo ya mwisho. Nawe ukipata barua ya namna hiyo, kaa chini, vaa miwani yako kama unayo, uisome mstari kwa mstari.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini majaji wa mwaka 1792 walikataa kazi waliyopewa?

2. Sheria ya dola 10 ilikusudiwa kumlinda askari. Ilimdhuru kwa njia gani? Je, mnajua kanuni nyingine iliyoanza kwa nia njema ikageuka mzigo?

3. Kuna tofauti gani kati ya Bodi na mahakama?

4. Je, ni haki aliyechelewa siku 15 asisikilizwe? Tuseme hakuwa mgonjwa, bali alisahau tu. Mngesemaje?

5. Kila mtu alete darasani barua moja ya ofisi aliyo nayo nyumbani. Tafuteni pamoja: imeandikwa tarehe gani, inatoa sababu gani, na inasema nini juu ya rufani?